Tumbili Anayeyumba Chini ya Mwembe: Dalili za Tumbili, Nyani na Sokwe Walio Kifungoni, na Vyanzo Vyake

Tumbili amefungwa kamba kiunoni chini ya mwembe, pembeni ya baa. Anayumba kushoto, anayumba kulia, nyayo haziondoki pale zilipo, na udongo chini yake umeshikana ukang'aa kama sakafu iliyosiribwa. Wateja wanamshangilia kwamba anacheza muziki. Muziki ukizimwa, bado anayumba.

Nimefanya kazi ya kufagia mabanda, kukata matunda na kukesha na watoto yatima wa sokwe na tumbili kwa miaka mingi, na kila tunapomkuta mnyama wa namna hii naulizwa swali lile lile: "Ana ugonjwa gani huyu?" Mara nyingi hana ugonjwa wa kuchomwa sindano. Anachokuonyesha ni hesabu ya maisha aliyopewa: saa anazokaa peke yake, dakika anazotumia kula, mita anazoweza kupanda. Kwa hiyo hapa tutaanza na unachokiona, twende kwenye chanzo, halafu turekebishe kundi, banda au chakula kabla hatujasema mnyama ana tabia mbaya.

Jambo la sheria kwanza. Kumfuga tumbili, nyani, mbega au sokwe nyumbani bila kibali ni kosa, Kenya kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, Tanzania kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Kama umemwokota au umeachiwa, maelezo haya ni ya kumweka hai mpaka mamlaka ya wanyamapori ifike: KWS kwa Kenya, TAWA kwa Tanzania, UWA kwa Uganda. Nyumba yako haiwezi kuwa kituo, hata ukiwa na moyo mwema kiasi gani.

Dalili zisizosubiri

Wanyama hawa huficha maumivu. Porini anayeonekana dhaifu hunyang'anywa chakula na cheo, au huliwa. Ukimkuta mchana amejikunja, kichwa katikati ya magoti, wenzake wanakula yeye hasogei, ujue ameumwa kwa siku kadhaa na sasa ameshindwa kuficha. Anayepumua kwa shida, anayehara damu, asiyegusa chakula siku nzima, aliyepata degedege au aliyevimba tumbo ghafla ni wa daktari wa wanyama leo hii. Usimpimie dawa za binadamu kwa kukisia.

Anayumba, anazunguka njia ile ile, anajikumbatia au kujing'ata

Hapa ndipo nitakaa sana, kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Chanzo kikubwa kuliko vyote ni kunyang'anywa mama mapema na kukaa bila mwenzake. Mtoto wa sokwe hunyonya mpaka miaka minne au mitano, na miezi yake ya mwanzo huipitisha mwilini mwa mama, vidole vimeshika manyoya. Yule anayeuzwa sokoni, mama yake ameuawa ili yeye apatikane. Ile mikono inayojikumbatia inatafuta manyoya ambayo hayapo tena. Miaka ya 1950, Harry Harlow wa Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani aliwatenga watoto wa rhesus, nyani wadogo wa Asia, na mama zao. Waliolelewa peke yao walijikunja, wakayumba, wakajing'ata, na walipokua hawakujua kuishi na wenzao. Majaribio yale yalikuwa mateso, na mimi siyataji kwa furaha. Lakini jibu lake lipo tayari, hakuna haja ya mtu mwingine kulitafuta upya kwa kamba na mwembe.

Kabla ya kurekebisha chochote, chukua daftari. Kwa siku tatu, kila robo saa kuanzia asubuhi hadi jioni, andika neno moja: anakula, analala, anachambuana na mwenzake, anayumba, amejificha. Watu hunidharau nikisema hivi, wanataka dawa. Lakini daftari ndilo linalotenganisha vyanzo ambavyo kwa macho vinafanana kabisa.

Akiyumba zaidi nusu saa kabla ya chakula, tatizo ni kusubiri: amezoea kwamba ndoo huja saa fulani na hana kazi nyingine ya kufanya. Mlishe mara nyingi zaidi, kwa nyakati zisizotabirika, na umtawanyie chakula kwenye majani badala ya kumwekea sahani. Akiyumba wageni wanapokuja, tatizo ni hofu, na ukikagua banda utaona hana pa kujificha. Mwekee ukuta wa makuti, pipa lililokatwa, jukwaa lililo juu kuliko vichwa vya watu, na uzuie watu upande mmoja wa banda moja kwa moja. Akiyumba siku nzima bila mpangilio, basi ni upweke, au ni kovu la zamani.

Dawa ya upweke ni mwenzake wa aina yake. Mbwa si mwenzake, mbuzi si mwenzake, na wewe pia, kwa uchungu nasema, hutoshi, kwa sababu jioni unakwenda nyumbani. Wakutanishwe polepole: kwanza waonane kwa mbali, kisha mabanda yapakane na wavu katikati, wiki moja au zaidi, mpaka uone wanachambuana manyoya kupitia wavu. Mlango ufunguliwe asubuhi, watunzaji wawepo, na kuwe na njia mbili za kutokea ili mnyonge asibanwe kwenye kona. Kurushiana kelele na kukimbizana ni kawaida. Damu inayochuruzika, au mmoja kuzuiwa chakula siku ya pili mfululizo, ni ishara ya kurudi nyuma hatua moja.

Kwa watoto wachanga ambao bado hawawezi kuingia kundini, mtu anaweza kuwa daraja. Lola ya Bonobo, kituo alichokianzisha Claudine André mwaka 1994 huko Kinshasa, kimejulikana dunia nzima kwa sababu ya akina mama wanaowabeba yatima wa bonobo, jamaa wa karibu wa sokwe, mmoja mmoja, wakiwalisha na kucheza nao, mpaka wawe na nguvu za kujiunga na wenzao. Lengo la yule mama ni kuachwa.

Baada ya kundi, kazi. Sokwe porini hutumia karibu nusu ya mchana akitafuta na kutafuna chakula. Kifungoni sahani humalizika kwa dakika kumi, na saa zilizobaki zinajazwa na kuyumba. Bomba lenye matundu lililofungiwa karanga ndani, gogo lililotobolewa na kupakwa asali, matawi mabichi yenye majani kila siku: vyote ni bei rahisi. Mwaka 1960 huko Gombe, Kigoma, Jane Goodall alimwona sokwe akivua mchwa kwa kijiti kwenye kichuguu, na leo vituo na bustani nyingi hujenga kichuguu cha saruji chenye matundu na kutia uji mzito ndani. Nimemwona jike aliyeletwa kwetu akiwa na alama za mnyororo akikaa mbele ya kichuguu kama hicho asubuhi nzima, akivunja kijiti, akikitafuna ncha mpaka kiwe brashi, akichovya, akilamba. Mikono ile haikujikumbatia hata mara moja mpaka uji ulipoisha. Jioni wape matawi tena, kwa sababu sokwe hujenga kitanda kipya kila usiku, na kumlaza kwenye saruji tupu ni kumnyima usingizi.

Kujing'ata mpaka damu ni jambo tofauti kidogo. Muone daktari kwanza: jino lililooza, kidonda kilichofungika usaha ndani au mfupa uliovunjika zamani vinaweza kumfanya mnyama ashambulie mkono wake mwenyewe.

Na usitegemee kila kitu kifutike. Wapo watakaoyumba maisha yao yote wakishtuliwa, na sokwe kifungoni anaweza kupita miaka 50. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita.

Ana upara

Angalia upara uko wapi. Ukiwa mikononi, mapajani na tumboni, yaani pale mkono wake na meno yake yanapofika, na mgongo umejaa manyoya, anajinyonyoa mwenyewe: rudi kwenye upweke na kazi. Ukiwa mgongoni na kisogoni, anayemnyonyoa ni mwenzake. Banda ni dogo au mkubwa wa kundi hana la kufanya. Ngozi yenye magamba, ukurutu au kujikuna usiku na mchana ni utitiri au fangasi, na daktari atakwangua kidogo aangalie kwa hadubini. Baadhi ya fangasi hao humwambukiza mtunzaji, kwa hiyo vaa glavu. Manyoya yaliyofifia mwili mzima bila upara maalumu yananipeleka jikoni, kwenye chakula.

Anacheua, kisha anakula tena

Gorila na sokwe wa kifungoni hujitapisha, wakakusanya kile kilichotoka mkononi au sakafuni, wakala, wakarudia. Wageni huchukizwa na watunzaji huaibika. Mara chache ni ugonjwa wa tumbo. Mara nyingi chakula kimekuwa laini, kitamu na chenye kuisha haraka, hivyo mnyama anakirefusha kwa njia aliyoivumbua. Bustani ya wanyama ya Cleveland, Ohio, iliondoa biskuti za viwandani kwenye chakula cha magorila wake wawili madume na kuwapa mboga za majani kwa wingi pamoja na matawi. Muda wa kula uliongezeka, miili ikapungua, na kucheua kukakoma. Kwetu hatununui biskuti hizo, lakini mkate, wali mweupe na ugali vinafanya kazi ile ile. Badilisha polepole, kwa wiki kadhaa, kisha angalia.

Amenenepa, meno yameoza, ana kiu isiyoisha

Ndizi. Najua picha ya tumbili na ndizi imekaa vichwani mwetu wote. Ndizi yetu ya shambani imechaguliwa na binadamu kwa karne nyingi iwe tamu na laini. Tunda la msituni lina nyuzinyuzi nyingi, sukari kidogo na mara nyingi uchachu. Paignton Zoo ya Uingereza ilitangaza mwaka 2014 kwamba imewaondolea tumbili wake ndizi kwa sababu hiyo hiyo. Ndizi ibaki kuwa chombo cha kumfichia dawa. Soda, bia, biskuti za wageni na miwa ya kila siku viondoke kabisa, na hapa mwenye baa ndiye mgonjwa wa kwanza kutibiwa. Kiu nyingi pamoja na mkojo mwingi unaovutia sisimizi ni dalili ya kisukari, nao hupata kisukari kama sisi.

Sahani ya tumbili ijae mchicha, sukuma wiki, kunde na majani yake, karoti, boga, maharage yaliyochemshwa, yai mara moja moja, na matunda kama kitoweo.

Mbega, hata hivyo, mtoe kwenye maelezo hayo. Tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, na ndani yake bakteria huchachusha majani. Ukimpa ndizi, mkate au embe bivu, uchachu unakwenda mbio, hewa inajaa, asidi inapanda, na mbega aliyekuwa mzima asubuhi anaweza kufa. Anataka majani mabichi ya miti anayoijua, tena machanga. Kama uko Diani au Jozani na umeletewa mbega, swali la kwanza ni amekula nini tangu jana, na la pili ni nani anakwenda kukata matawi.

Anachechemea, hapandi tena, fizi zinatoka damu

Sisi, sokwe na tumbili tuna upungufu mmoja wa kurithi: miili yetu haitengenezi vitamini C. Mnyama anayekula ugali, wali na mabaki yaliyopikwa huishia kwenye kiseyeye. Fizi huvimba na kutoka damu, viungo vinauma, akiguswa analia. Mapera yana vitamini hiyo kuliko machungwa, nayo kwetu yanaoza chini ya miti. Papai na pilipili hoho mbichi pia vinafaa. Mboga ikichemshwa sana, sehemu kubwa ya vitamini hiyo imeharibika au imebaki kwenye maji uliyomwaga.

Kwa mtoto mwenye miguu iliyopinda na vifundo vilivyovimba, fikiria matege: kalisi, madini ya kujenga mifupa, ni kidogo mwilini na jua halimfikii. Mahindi na ndizi vina kalisi kidogo sana. Nimepokea mtoto wa tumbili aliyelelewa chumbani kwa upendo mkubwa, amefungiwa nguo za mtoto mchanga, na mfupa wa paja ulivunjika nilipomwinua. Mama aliyemleta alilia mbele yangu. Kilichokosekana ni jua, wenzake na chakula sahihi.

Mtoto mchanga: amelegea, anahara, maziwa yanatokea puani

Mguse kwanza. Akiwa wa baridi, usimpe maziwa. Tumbo la mtoto aliyepoa halisagi chakula, na maziwa yatachacha humo. Mfunge kifuani kwako, ngozi kwa nguo nyepesi, na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyozungushiwa kitambaa, mpaka vidole vyake vianze kushika. Kisha maji yenye chumvi na sukari ya kuongezea mwili maji, kidogo kidogo. Maziwa yawe ya unga ya watoto wachanga wa binadamu, yaliyochanganywa kama kopo linavyoelekeza. Ya ng'ombe moja kwa moja humwendesha. Anyonye akiwa wima au amelalia tumbo, ameshika taulo, kama anavyomshika mama. Ukimlaza chali kama mtoto wa mtu, maziwa yanaingia mapafuni, na siku mbili baadaye utaita nimonia jina lingine.

"Anacheka", halafu akauma

Sokwe aliyevuta midomo nyuma akaonyesha meno yote ya juu na chini hacheki. Anaogopa. Sokwe anayecheza hulegeza mdomo, meno ya juu yamefunikwa, na pumzi yake inasikika hah-hah-hah. Nyani dume anayepiga miayo mirefu huku anakutazama anakuonyesha chonge zake kwa makusudi. Tumbili anayeinua nyusi na kuonyesha kope nyeupe anakuonya. Kumkodolea macho ni kumwitikia kwa ugomvi.

Mwenye mnyama hunieleza: "Alikuwa mpole, amebadilika ghafla." Hakubadilika ghafla. Amebalehe. Tumbili dume karibu na miaka mitano anaanza kutafuta cheo, na kundi alilonalo ni watoto wako. Kumng'oa meno au kumchapa huongeza hofu tu, na hofu ndiyo inayouma. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa na pepopunda.

Anakohoa, pua inatiririka

Jiulize wewe ulikohoa lini. Mafua yetu ni msiba kwao. Mwaka 2013 kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliua sokwe watano wa kundi la Kanyawara, msitu wa Kibale, Uganda. Januari 2021 magorila wa San Diego Zoo Safari Park walipata korona. Mtunzaji mwenye mafua, surua, malengelenge ya mdomo au kuhara asiingie kazini, na bosi asimkate mshahara kwa hilo, maana akimkata ataficha. Barakoa na kunawa mikono viwe kila siku.

Kikohozi cha wiki nyingi pamoja na kukonda kinaelekeza kwenye kifua kikuu. Daktari huchoma tone la tuberkulini, dawa ya kupimia kifua kikuu, kwenye kope ya juu na kuliangalia baada ya saa 24, 48 na 72; kope ikivimba na kufumba, mtengeni, na watunzaji wote nao wapimwe.

Kamba imezama

Narudi kwa yule wa chini ya mwembe. Alifungwa akiwa mdogo, kiuno kikakua, kamba haikukua. Ukipapasa manyoya hukuti kamba, unakuta mfereji wenye unyevu na harufu. Usiivute wala usiikate mwenyewe. Inakatwa na daktari, mnyama akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi, kwa sababu nyama imeota juu yake na mishipa iko karibu. Ukiwapigia maafisa, waambie aina ya mnyama, ukubwa wake, amefungwa na nini, na kama kuna watoto au mbwa karibu. Usimfungue akimbie. Akikimbia na kamba, atanaswa mtini na kunyongwa.

Kumpata pa kukaa kunaweza kuchukua muda. Sokwe hawapo katika misitu ya Kenya, ndiyo maana wale waliohamishwa kutoka Bujumbura wakati wa vita vya Burundi walijengewa kituo cha Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta karibu na Nanyuki, kilichofunguliwa mwaka 1993. Uganda ilitenga kisiwa cha Ngamba kwa ajili yao mwaka 1998. Tumbili wako wengi zaidi, na nafasi zao huwa chache.

Wetu alipona kidonda kwa wiki tano. Alikaa na wavu katikati yake na majike wawili waliookolewa kabla yake, na siku ya tisa jike mkubwa akapitisha vidole akaanza kumchambua shingoni. Daftari la mwezi wa tatu lilionyesha ameyumba mara nne katika siku tatu, zote pale lori la soda lilipoingia getini na chupa zikaanza kugongana. Tukamwomba dereva awe anashushia barabarani, tukabeba makreti kwa mkono.